Barafu Iliyoinama

Siku ya tatu ya kazi Inspekta Dramadri aliwaacha mashahidi akaanza na sufuria.

Ilikuwa sufuria ndogo nyeusi, imefunikwa kwa sahani ya bati, imewekwa juu ya kaunta ya kituo cha polisi cha Koboko. Kila siku ililetwa saa mbili asubuhi, na saa sita mchana ilichukuliwa tupu. Ndani yake mlikuwa na chakula cha mahabusu mmoja, Santina Kiden, mchanjaji, mkimbizi kutoka upande wa Yei. Konstebo wa zamu alisema chakula kinatoka kwa ndugu zake. Dramadri alikuwa amelisoma faili mara mbili. Santina hakuwa na ndugu hata mmoja Uganda nzima.

Alifunua sahani, akamega. Enyasa, ule ugali wa muhogo na mtama, ilikuwa na madonge makavu kama kokoto. Majani ya kunde hayakuwa na chumvi. Dramadri alitafuna, akameza, akafunika. Hakuna mwanamke wa West Nile anayepika hivyo. Chakula hiki kilipikwa na mwanaume, na kilipikwa kwa kujificha, maana mke wake angeona angemnyang'anya mwiko.

Alimwuliza konstebo huyo ndugu anafananaje. Konstebo alijikuna shingo. Alisema ni mtu wa baiskeli, anaweka na kuondoka, hasemi kitu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Mwezi wa tatu wa mwaka huo, 1993, Santina alikwenda Midia na boksi la buluu la kubebea chanjo kwenye barafu, akawapa watoto matone ya polio mdomoni. Wiki sita baadaye Viktoria, binti wa miaka minne wa mkulima aitwaye Jale, alilala na homa, na siku ya pili mguu wake wa kulia ukakataa kusimama. Jale alikuwa askari zamani. Alikuja kituoni na wanaume kumi na wawili wa ukoo wake, wakimleta Santina akiwa amepasuka mdomo. Alisema mwanamke wa Sudan amewapa watoto sumu. Dramadri, mpelelezi wa Arua, alitumwa kuja kutafuta kama ni kweli. Asipopata jibu lingine, Ijumaa Santina angepanda gari kwenda Arua kwa hakimu. Leo ilikuwa Jumanne. Na tangu akamatwe, hakuna mama wa Koboko aliyekubali mtoto wake aguswe na mchanjaji yeyote.

Santina alikaa sakafuni ndani ya selo, chumba cha mahabusu, mgongo ukutani. Mdomo ulikuwa umeanza kupona. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, na Kiswahili chake alikiokota Zaire alipokimbilia mara ya kwanza.

Dramadri alimwuliza nani anamletea chakula. Alisema hajui, lakini anamshukuru Mungu kwa ajili ya huyo mtu, isipokuwa chumvi.

"Watoto wangapi walipata matone siku ile?"

"Arobaini na tatu. Minaandika wote kwa kitabu."

"Na wangapi wamelemaa?"

"Moja. Viktoria. Afande, unauliza watu swali si sawa. Wewe nauliza nani alikunywa. Uliza nani iko na mguu mubaya."

"Nani?"

"Kambini, njia ya pili. Uliza Ladu. Mutoto wake alianguka wiki moja na Viktoria. Huyo mimi sijapa kitu. Walivuka mpaka juzi."

Dramadri alitoka bila kumjibu. Alipofika mlangoni alirudi akamwambia asante. Konstebo alimtazama kana kwamba amesalimia kiti.

Ladu alikuwa kweli njia ya pili. Mtoto wake, Rosina, miaka mitatu, alikuwa amekaa juu ya mkeka, mguu mmoja umelegea kama kamba. Ladu alionyesha kadi ya mkimbizi, tarehe ya kuvuka iko pale, siku ishirini baada ya Santina kwenda Midia. Mtoto huyu hakuwahi kuonja tone. Dramadri aliandika, akampa Ladu kalamu aweke alama yake. Sumu ilianza kutoka kwenye kesi. Lakini mtoto mmoja asiyekunywa hakumwambia kwa nini yule aliyekunywa ameugua. Jale angeuliza hilo kwanza, na hakimu baada yake.

Saa sita alikuwa nyuma ya ukuta wa kituo, amekaa juu ya gogo. Baiskeli ilikuja. Mtu aliyeshuka kuchukua sufuria tupu alikuwa Yakani, mtunza friji wa zahanati.

Dramadri hakumshika. Alimwacha achukue sufuria, apande, aende. Mtu anayeleta chakula atarudi kesho.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na friji moja ya mafuta ya taa. Siku ya kwanza Dramadri alikuwa ameweka lakiri ya polisi kwenye mlango wake. Yakani aliruhusiwa tu kuhudumia moto chini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, na kitambaa cha kufutia masizi begani. Hakuna aliyemsema vibaya. Miaka saba alikuwa ameitunza friji ile, akikata utambi, akisafisha bomba la moshi, akijaza tangi. Sakafuni alikuwa ameweka vipande vya bati chini ya miguu ya friji, kwa sababu friji ya namna hiyo ikiinama kidogo tu moto unatoa moshi na baridi inakufa.

Dramadri alikata lakiri. Ndani kulikuwa na trei moja iliyobaki kutoka safari ya Midia, vichupa kumi na nane, vyote vimeganda. Alitoa kimoja akakisimamisha mezani. Kisha cha pili. Vingine vilikuwa na rangi ya waridi, vingine njano. Hilo Jale alikuwa amelisema: njano ndiyo sumu. Dramadri aliandika rangi, kisha akainama mpaka macho yakawa sawa na meza.

Barafu ndani ya kichupa haikuwa sawa. Ilipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, kama maji ndani ya kikombe ulichokishika vibaya. Alitazama cha pili. Vilevile. Alivirudisha kwenye trei kama vilivyokuwa, akatazama vyote kwa pamoja. Vyote kumi na nane viliinama upande mmoja.

"Mzee Yakani, niletee sahani na maji."

Yakani alileta. Dramadri aliweka sahani ndani ya friji, akamimina maji mpaka ukingoni. Maji yalifika ukingoni pande zote kwa wakati mmoja. Friji ilikuwa sawa kabisa.

"Friji yako imesimama vizuri," alisema.

"Ndiyo afande. Hiyo mimi naangalia kila siku."

Yakani hakuuliza kwa nini. Mtunza friji wa miaka saba anaona polisi anamimina maji ndani ya friji yake, na hana swali. Dramadri aliliandika hilo pia. Alichukua kipande cha boksi gumu, akakiweka nyuma ya kichupa, akachora mstari wa barafu kwa penseli. Kisha alitia vichupa viwili ndani ya boksi la buluu pamoja na barafu, akaitia friji lakiri upya.

Jumatano asubuhi alikuwa Arua, kwenye maabara ya Mama Pasca. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo aliyesomea kazi hiyo miaka mingi ng'ambo, akarudi, na sasa alipima kinyesi na damu ya wilaya nzima kwa darubini moja. Dramadri alikuwa ameacha shule darasa la sita na hakuficha. Alimwambia aeleze kama anavyomweleza mtu wa kuchimba kisima.

Alianza na njano. Mama Pasca alicheka. Alisema ile ni rangi inayotiwa ili kuonyesha uchachu, na inageuka yenyewe njiani, waridi au njano, haina ubaya. Barafu alipoiona hakucheka tena.

"Hii iliyeyuka," alisema. "Ikagandishwa mara ya pili, mahali palipoinama."

"Ikigandishwa tena si inakuwa nzima?"

Mama Pasca alileta sahani yenye maji na chupa ya mafuta ya simsim. Alidondosha matone mawili ya mafuta, akayasukuma kwa kijiti cha kiberiti. Yalipogusana yakawa tone moja.

"Mwili wako umejengwa kwa seli," alisema.

"Selo?"

"Seli, afande. Lakini fikiri hivyohivyo, chumba chenye ukuta. Ukuta wake ni utando mwembamba wa mafuta. Kuna virusi vilivyovaa koti la mafuta. Vikifika kwenye utando, mafuta yanaungana na mafuta kama ulivyoona, na vimeingia. Polio hana koti."

Alitoa njugu mawe moja mfukoni mwa koti lake jeupe, akaiangusha juu ya mafuta. Ilikaa pale. Haikuungana na kitu.

"Huyu ni gamba tu la protini, gumu, na ndani yake uzi mmoja. Uzi huo ndio unaotoa amri. Sabuni na pombe kali ya waragi vinamuua yule mwenye koti kwa kumvua koti. Huyu utamvua nini? Ndiyo maana anapita majini na kwenye mikono ya watu. Klorini inamuua. Sasa niambie wewe. Ukuta ni mzima, mtu hana njia, asubuhi yumo ndani."

"Amevunja," alisema Dramadri. "Au kuna wa ndani aliyemfungulia."

"Yote mawili. Nje ya seli kuna kitasa. Seli ina kazi zake nacho. Polio anakishika. Ukidhani kitasa kitafunguka, umekosea. Anayefunguka ni yeye. Gamba linalegea, na vipande vidogo alivyovificha ndani vinatoka, vinajichomeka kwenye utando wa mafuta, vinatoboa tundu. Uzi unapita humo. Gamba linabaki tupu. Waliosoma mambo haya wamelijua juzi tu, na bado wanabishana tundu lenyewe likoje."

Dramadri aliandika polepole. Alimwomba arudie kuhusu vipande vilivyofichwa, naye akarudia bila kuchoka.

"Na matone ya chanjo?"

"Ni polio yuleyule, aliyefugwa mpaka akapoteza makali. Lazima aingie kwenye seli za tumbo, ndipo mwili umwone na ujifunze kumkamata yule mkali. Asipoingia, mwili haujui kitu. Sasa joto. Joto linalilegeza gamba kama kitasa kinavyolilegeza, lakini njiani, mbali na mlango wowote. Vipande vinatoka, vinapotea. Anafika mlangoni mikono mitupu."

"Mwizi aliyemwaga vyuma vyake njiani."

"Naam. Ukimtia kwenye barafu baada ya hapo, utakuwa umemgandisha mwizi asiye na vyuma. Atabaki vilevile."

"Kwa hiyo si sumu."

"Ni maji yenye rangi. Yule mtoto wa Midia alikunywa maji yenye rangi, kisha polio wa kweli akapita, wa kambini au wa kijijini, sijui. Kinyesi cha watoto wote wawili kitakwenda Entebbe, jibu litachukua wiki nyingi. Na andika hili pia: hata matone mazima hayamlindi kila mtoto kwa mara moja. Lakini haya hayakumlinda hata mmoja. Arobaini na tatu wote warudiwe."

Dramadri aliomba yote hayo kwa maandishi na sahihi. Mama Pasca aliacha kazi yake akaandika kurasa mbili kwa mkono. Alipomaliza Dramadri alisimama, akavua kofia, akamshukuru. Alisema kwa miaka kumi na tatu ya kazi wataalamu wamekuwa wakimwambia maneno, yeye ni wa kwanza kumwambia jambo.

"Iliyeyuka, hilo nimekupa," alisema Mama Pasca. "Wapi iligandishwa, hiyo ni kazi yako. Na uniachie hiyo njugu mawe, ni chakula changu."

Alhamisi Dramadri alitafuta mahali palipoinama. Kati ya Koboko na mpaka kulikuwa na friza nne, na aliziandika zote kabla ya kutoka. Alikwenda kwa pikipiki ya polisi, na sahani ya bati, chupa ya maji na kile kipande cha boksi chenye mstari wa penseli.

Ya kwanza ilikuwa ya baa. Maji yalikaa sawa. Ya pili ilikuwa imekufa tangu mwaka jana na kuku walitaga ndani. Ya tatu ilikuwa ya muuza soda, nayo iliinama, na Dramadri alifurahi mpaka alipoweka kile kipande. Mstari haukulingana, na muuza soda alisema ameinunua wiki iliyopita na ana shahidi.

Ya nne ilikuwa Oraba, hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka, ambapo malori yalipanga foleni kuingia Kaya, upande wa Sudan. Mwenyewe aliitwa Sule, muuza samaki, mnene, kofia ya kufuma kichwani. Friza yake ilikuwa ndefu kama jeneza na ilinguruma kwa jenereta. Chini ya miguu miwili ya upande wa kulia kulikuwa na matofali.

Dramadri aliuliza tofali ni la nini.

"Maji ya samaki yatoke," alisema Sule. "Pale kwa pembe iko tundu. Bila tofali, samaki nalala ndani ya maji yake, nanuka. Afande, tofali iko na kesi?"

Dramadri aliweka sahani ndani, juu ya samaki, akamimina. Maji yalimwagika upande mmoja huku upande wa pili ukiwa mkavu. Alisubiri yatulie, akaweka kipande cha boksi pembeni ya sahani. Mstari wa penseli na mstari wa maji vilikuwa kitu kimoja.

"Nani alileta boksi la buluu?"

Sule hakuzunguka. Alisema Yakani alikuja nalo Jumapili moja ya mwezi wa tatu, anatoka jasho, kwa baiskeli. Alisema ni dawa ya watoto, friji imezimika. Sule alitoa samaki wake nusu, akawaweka juani kwenye magunia, wakaharibika, ili trei ipate nafasi. Siku ya pili Yakani alirudi akachukua, akisema friji inawaka tena.

"Watoto yangu sita, wote Santina alipa matone," alisema Sule. "Mimi nawezaje kukataa? Hiyo ilikuwa asante yangu."

"Ulijua Santina amekamatwa?"

"Nilisikia kwa sababu ya sumu. Sumu na friza yangu, hapana jua kama ni njia moja." Kofia ilikuwa imeshuka mkononi. "Ni njia moja?"

Dramadri alimwambia si sumu, na kwamba hajafanya kosa la polisi. Sule alimlazimisha achukue samaki. Dramadri alikataa, mtu wa serikali hachukui kitu cha shahidi. Sule alisema basi ampelekee Santina, huyo si wa serikali. Dramadri alifikiri, akachukua.

Saa tisa alikuwa zahanati. Hakumwita Yakani kituoni. Alitia tofali chini ya mguu mmoja wa meza, akaweka juu yake sahani ya maji, na pembeni kichupa kimoja kati ya vilivyobaki. Kisha akamwita aingie.

Yakani alitazama tofali. Alikaa juu ya kiti bila kuambiwa.

"Ni mimi," alisema.

Dramadri alimwambia aanze mwanzo. Yakani alieleza kwamba mafuta ya taa ya mwezi ule yalinunuliwa mpakani na yalichanganywa na dizeli. Yeye alikwenda Midia kumzika mama mkwe, Ijumaa mpaka Jumapili. Aliporudi bomba lilikuwa limejaa masizi, moto umekufa, na mawe ya barafu yamekuwa maji ya vuguvugu. Vichupa vilikuwa kama chai iliyosahauliwa. Trei nyingine ingekuja baada ya miezi miwili. Jumanne yake Santina alikuwa na safari.

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mimi nilifikiri iko vizuri." Alijifuta uso kwa kitambaa cha masizi, uso ukawa mweusi. "Mwalimu ya semina alituambia, hii dawa si dawa, hii ni kitu hai. Alisema baridi nailaza, joto naiamsha. Afande, wewe unajua kamongo, ile samaki. Mto nakauka, yeye nalala ndani ya matope miezi yote. Maji nakuja, naamka. Maji naisha, nalala tena. Miaka yote. Mimi nikasema, basi hii imeamka, nailaza tena. Nilikimbia mpaka Oraba kwa jua ile. Nilipoona barafu imerudi, nilishukuru Mungu."

Dramadri alikuwa amekula kamongo utotoni, na alijua anavyochimbwa. Mtu huyu alikuwa amesikia kila neno la mwalimu na kulihifadhi vizuri.

"Huyu si kamongo," alisema. Alimweleza habari ya gamba na kitasa, na vyuma vinavyomwagika njiani. Aliieleza vibaya kuliko Mama Pasca, lakini Yakani alielewa. Ilionekana kwenye mabega.

"Kwa hiyo ni mimi nilivunja mguu ya mutoto."

"Hukuuvunja. Huenda hata matone mazima yasingemlinda. Hilo hakuna anayejua. Lakini ulimwacha bila kitu, na ulipomwona Santina amekamatwa, ukanyamaza siku sita."

"Nilikuwa nampelekea chakula."

"Nimekionja," alisema Dramadri. "Hilo ni kosa la pili."

Waliandika maelezo mpaka saa kumi na moja. Yakani alitia sahihi kila ukurasa. Kisha akaomba jambo moja, amwambie Santina mwenyewe, asisikie kwa konstebo.

Dramadri alisimama mlangoni mwa selo wakati anasema. Yakani alisema yote akiwa amepiga magoti. Santina alisikiliza, samaki wa Sule wakiwa mapajani ndani ya gazeti. Kisha aliuliza Viktoria anakaa sasa au bado analala tu. Dramadri alisema anakaa. Santina aliitikia kwa kichwa, akalia kidogo, akajifuta.

"Mutu mmoja tu alikumbuka mimi nakula," alimwambia Yakani. "Siku sita. Asante. Kesho utie chumvi."

"Kesho uko nje," alisema Dramadri.

Ijumaa asubuhi mkuu wa kituo alisoma faili lote: maelezo ya Ladu, kurasa za Mama Pasca, kipande cha boksi, tofali la Sule, sahihi za Yakani. Aliuliza mara moja tu, kwa nini barafu ya vichupa vyote iliinama upande mmoja, na Dramadri akamwonyesha kwa bilauri yake mwenyewe ya maji. Mkuu alisema hakuna shtaka la sumu, mlango ufunguliwe. Habari ya Yakani ilipelekwa kwa wakubwa wa afya, si kwa hakimu. Dramadri aliandika chini ya faili kwamba mshukiwa mwenyewe ndiye aliyemwonyesha njia, na kwamba polisi wanamshukuru. Mkuu alisema maneno hayo hayaandikwi kwenye faili. Dramadri hakuyafuta.

Mchana alikwenda Midia kwa Jale, peke yake. Alimweleza nyumbani kwake, mbele ya mkewe Helen, polepole, mpaka mwisho. Jale aliuliza maswali ya kiaskari, tarehe na saa. Aliuliza jina la aliyekosea, akaambiwa. Watu wa ukoo waliokuwa nje wakaanza kupandisha sauti. Jale aliwaambia wakae. Alisema Yakani alimzika mama mkwe wake hapahapa Midia Ijumaa ile, na yeye Jale ndiye aliyechimba kaburi.

Kisha akauliza, "Iko mutoto yangu mwingine, miezi minane. Yeye?"

"Jumapili matone mapya yanakuja," alisema Dramadri.

Jumapili boksi la buluu liliwekwa juu ya meza mbele ya kanisa la Midia. Santina alikuwa nyuma ya meza, na kovu jipya mdomoni. Wakubwa wa afya walitaka mtu mwingine ashike barafu. Santina alikuwa amekataa kutoka Koboko bila Yakani. Aliwaambia kuanzia sasa hakuna mtu duniani atakayeitazama barafu kama yeye. Yakani alisimama kando, mikono mgongoni.

Kina mama walikuwa wengi, lakini mbali, watoto mgongoni. Hakuna aliyesogea. Dramadri alikaa chini ya ukuta wa kanisa. Hii haikuwa kazi yake tena, lakini pikipiki ilikuwa hapo na siku ilikuwa yake.

Jale alitokea nyuma ya watu. Mkono mmoja alimbeba mtoto wa miezi minane. Mkono wa pili alishika kuku jike, amefungwa miguu. Helen alimfuata akiwa na Viktoria mgongoni. Alipita katikati ya watu mpaka mezani, akasimama mbele ya Santina, na alionekana hajui aweke wapi macho.

"Nionyeshe barafu," alisema.

Santina alimtazama Yakani. Yakani alifungua boksi, akachagua kichupa kimoja, akakifuta, akampa kwa mikono miwili. Jale alimpa mkewe mtoto, akakisimamisha kichupa mezani, akainama mpaka macho yakawa sawa na meza. Alikaa hivyo kitambo. Watu walisogea waone anachokiona.

Barafu ilikuwa sawa, kutoka ukuta mpaka ukuta.

"Iko sawa," alisema kwa sauti, kwa Kakwa, lugha yao, kisha kwa Kiswahili. Akamrudishia Yakani kichupa. "Asante, mzee."

Yakani alikishika viganjani mpaka kikayeyuka. Santina alivuta tone. Helen alimfungua mtoto mdomo kwa kidole. Matone mawili yaliingia, mtoto akakunja uso, akameza.

Nyuma yake kina mama walikuwa tayari wanapanga mstari, wakisukumana kama kawaida.

Jale hakuondoka. Alimnyoshea Santina yule kuku. Alianza kusema kitu kuhusu kovu la mdomoni, kisha akamsogeza kuku karibu zaidi.

"Nimeona," alisema Santina. "Asante. Lakini mikono yangu iko na kazi. Mupe Yakani."

Yakani alimpokea kuku, akambana kwapani, na kwa mkono uliobaki akafunga boksi vizuri ili baridi isitoke.

"Na usimpike wewe," Santina alisema bila kugeuka, akimfungua mdomo mtoto wa pili.